Maswali ya Wasomaji: Mtoto Mdogo na Huduma ya Kwanza

Barua tulizochagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kumfundisha mtoto mdogo kujilinda na kumsaidia mwenzake anapoumia. Majibu yametolewa na mshauri wetu wa afya ya familia. Baadhi ya barua zimefupishwa.

SWALI: Mshauri, salamu. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 6. Ningependa kuanza kuwafundisha huduma ya kwanza, lakini baba yao anaona kuwa bado ni wadogo mno, na kwamba habari za damu, moto na watu kuzimia zitawatia hofu bure. Je, kuna umri unaofaa kuanzia?
*Mama wa wawili*

JIBU: Mama, hoja yako na ya baba watoto hazipingani kama zinavyoonekana. Umri wa kuanzia upo, nao ni mapema kuliko wengi wanavyodhani, ila anachofundishwa mtoto wa miaka 3 sicho anachofundishwa wa miaka 6, na hakuna kati yao anayelazimika kuanza na habari za damu. Kwa mtoto mdogo, huduma ya kwanza ni mambo matatu yanayofuatana: kujitenga na hatari, kumwita mtu mzima, na kusema kilichotokea. Kufunga bendeji huja mwisho kabisa, na huyo wa miaka 3 hakumhusu.

Mtoto wa miaka 3 anaweza kujifunza kuita kwa sauti kubwa, kutaja jina lake kamili na kuonyesha mahali panapomuuma. Afikapo miaka 4 au 5 anaweza kukariri namba ya simu ya dharura ya nchi mnamoishi, kueleza anakokaa, na kujua kwamba kilichoungua huwekwa chini ya maji yanayotiririka. Wako wa miaka 6 anaweza kwenda mbele kidogo: kubana jeraha kwa kitambaa safi huku anaita, kuinamisha kichwa mbele pua inapotoka damu, na kumtikisa mabega mtu aliyelala kwa namna isiyo ya kawaida ili kujua kama anaitikia.

Kuhusu hofu, nimeona kwamba watoto huogopeshwa zaidi na sura ya anayesema kuliko na maneno yenyewe. Ukimchukua mwanasesere, ukasema ameungua mkono, kisha mkaupeleka bombani pamoja, mtoto huliona jambo hilo kuwa kazi yenye mwanzo na mwisho. Hofu huzidi pale anapohisi kuna hatari ambayo watu wazima wanainong'ona na yeye hana la kuifanya. Usimwonyeshe picha za majeraha mabaya, na usimwambie kwamba mtu fulani alikufa kwa sababu hakuna aliyemsaidia.

Hata hivyo, baba watoto ana haki ya kuwa na shaka kwa sababu nyingine ambayo pengine hakuitaja. Mtoto wa miaka 3 anaweza kukuimbia kwamba jiko ni la moto na haliguswi, huku mkono wake umekwisha kulielekea. Huo si ukaidi. Uwezo wake wa kujizuia haujakomaa, na kanuni aliyoikariri haiwezi kumshika mkono. Kwa hiyo mafunzo yasichukue nafasi ya mpangilio wa nyumba. Mishikio ya sufuria igeuzwe upande wa ndani wa jiko; kikombe cha kinywaji cha moto kikae mbali na ukingo wa meza, kwa maana hata baada ya robo saa huweza kumbabua mtoto ngozi; dawa zifungiwe juu asikofika; na sabuni, viuatilifu au mafuta ya taa visitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Mtoto anayeijua chupa ya soda hawezi kujua kwamba leo ndani yake mna kitu kingine. Pia usikiite kidonge pipi ili akubali kukimeza, kwa sababu atakapokiona tena atakitafuta mwenyewe.

SWALI: Binti yangu wa miaka 7 aligusa pasi ya moto akaungua mkono. Hakumwambia mtu. Alipaka dawa ya meno, akavaa nguo ya mikono mirefu, nasi tukagundua kesho yake wakati wa kuoga. Alipoulizwa akasema aliogopa kuchapwa, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kuigusa pasi. Nimfundishe nini ili jambo hili lisijirudie?
*Baba mwenye maswali*

JIBU: Ndugu, tuanze na mkono. Baada ya siku nzima, maji baridi hayana tena kazi ya kuzuia madhara ya moto. Dawa ya meno iliyobaki ioshwe polepole kwa maji safi, malengelenge yasipasuliwe, na kama bado hamjafika kwa mhudumu wa afya, nendeni, maana kuungua kwenye kiganja, vidole au kiungo hakustahili kuchukuliwa kijuujuu hata kama eneo lenyewe ni dogo. Ataangalia pia kama chanjo ya pepopunda imekamilika. Wekundu unaoenea, usaha, harufu au homa ni dalili za kurudi haraka.

Siku ya tukio mambo yangekuwa tofauti. Sehemu iliyoungua huwekwa chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kamili. Maji hayo husaidia hata yakichelewa, ilimradi saa 3 hazijapita tangu kuungua, lakini kadiri yanavyowahi ndivyo yanavyofaa zaidi. Barafu haifai, kwa kuwa inaweza kuidhuru ngozi ambayo tayari imeumia. Pete, bangili na nguo zinazobana huvuliwa kabla uvimbe haujaanza, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi, ambayo huachwa ilivyo. Wakati mkono uko majini, mwili wote ufunikwe usipate baridi, hasa kwa mtoto mdogo. Baada ya hapo jeraha hufunikwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki ya jikoni, iliyolazwa juu bila kuuzungushia mkono, au kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Siagi, mafuta, yai, asali na hiyo dawa ya meno havipakwi. Huzuia joto kutoka, humlazimu mhudumu kukwangua jeraha ili alione, na vingine huingiza vijidudu. Jeraha lililo kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake, lililo usoni au sehemu za siri, au lililosababishwa na umeme au kemikali, hupelekwa hospitali bila kungoja.

Sasa nije kwenye swali lako. Binti yako wa miaka 7 angeweza kukariri dakika 20 za maji baridi bila taabu, na bado angejificha. Kilichokosekana hapo ni uhakika kwamba akisema atasaidiwa kabla ya kuulizwa alivunja agizo gani. Uhakika huo haufundishwi kwa maneno peke yake, kwa sababu mtoto huupima kila siku kwa mambo madogo: glasi iliyovunjika, uji uliomwagika, goti lililochubuka mahali alipokatazwa kucheza. Ukianza na kelele katika hayo, atajua la kutarajia katika makubwa.

Ningekushauri uweke kanuni moja ya nyumba na uitangaze mbele ya wote, wakiwemo wasaidizi na jamaa wanaokaa nao: anayesema mara moja kwamba ameumia, amemeza kitu au amemwona mwenzake akimeza kitu, haadhibiwi kwa tukio hilo. Mazungumzo kuhusu pasi na makatazo yatakuwepo, lakini baadaye, na kwa sauti ya kawaida. Najua wapo wazazi watakaoona kwamba huku ni kulea kwa ulegevu. Nawaomba wafikirie betri zile ndogo za duara, bapa kama kifungo, zinazotiwa katika saa, rimoti na vitu vya kuchezea. Ikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, inaweza kuanza kuunguza nyama ndani ya saa 2, na mtoto huenda asionyeshe dalili yoyote mwanzoni. Katika hali hiyo, mtoto aliyesema na mtoto aliyenyamaza kwa kuogopa fimbo hawako katika hatari iliyo sawa.

Na kuhusu dawa ya meno, yaelekea hakuizua yeye. Watoto huiga wanachoona watu wazima wakijipaka.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea, na darasa langu lina watoto wa miaka 4 hadi 6. Nimepewa kipindi kimoja cha usalama kila wiki. Nikiwasomea kanuni wanaitikia kwa pamoja vizuri sana, lakini wiki ikipita wamesahau. Je, niendelee, au ni kuwachosha tu?
*Mwalimu wa wadogo*

JIBU: Mwalimu, endelea, ila punguza kusoma. Watoto wa rika hilo hukumbuka walichokifanya kwa miili yao. Utafiti mdogo uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafundisha watoto wa chekechea wa miaka 4 na 5 huduma ya kwanza kwa maigizo, kisha ukawapima baada ya miezi 2. Wengi wao waliweza kuchunguza kama mtu ana fahamu na walikumbuka namba ya dharura. Kumlaza mtu kwa ubavu kwa usahihi kuliwashinda wengi, jambo lisiloshangaza kwa umri wao. Watafiti waliona pia kwamba watoto walikuwa wepesi wa kumfariji aliyeumia, na hilo nadhani lina thamani yake, kwa sababu mtoto aliyeumia hutulia zaidi akishikwa mkono na mwenzake.

Chukua jambo moja kwa kipindi, si manne. Kipindi cha kwanza mtu mmoja ajifanye amelala sakafuni, na kila mtoto kwa zamu aje amguse bega, aite jina lake, kisha akimbie kumwita mtu mzima kwa sauti halisi, si ya kunong'ona kwa haya. Kipindi kingine iwe simu: chora vitufe vya namba kwenye karatasi ngumu, mtoto abonyeze namba ya dharura, nawe uwe mpokeaji unayeuliza ni nani, yuko wapi, nini kimetokea. Utashangaa ni wangapi wanaojibu kwamba wako nyumbani na kuishia hapo. Wafundishe kutokata simu mpaka waambiwe. Rudieni baada ya miezi michache, kwa kuwa hata watu wazima waliosomea kazi hii husahau wasiporudia.

Jitahidi pia kanuni ziseme la kufanya badala ya la kuacha. Ukimwambia mtoto wa miaka 4 asikimbie kuelekea moshi, hujamwambia aende wapi. Kuhusu moto hili ni la maana kuliko pengine popote, kwani watoto wadogo, nyumba inapowaka, huwa na tabia ya kujificha chini ya kitanda au kabatini, mahali ambapo waokoaji hawawaoni. Waigize kutambaa chini, kwa sababu moshi na joto hupungua karibu na sakafu, kisha kutoka nje hadi mahali mlipopanga kukutania, na kutorudi ndani kufuata kitu chochote.

Kubonyeza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama si kwa darasa lako. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono mwaka 2015 wito wa kuwafundisha wanafunzi wote ufundi huo kwa saa 2 kila mwaka kuanzia miaka 12, na umri huo una sababu: kifua cha mtu mzima kinapaswa kubonyea sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mtoto mdogo hana uzito wa kukifikisha huko. Kadhalika, usiwaruhusu kuigiziana kubonyezana tumbo au kugongana mgongoni kana kwamba mwenzao amepaliwa. Hayo yanaweza kumwumiza asiye na tatizo lolote.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka 5 ninaishi naye peke yetu siku nyingi za juma. Nina kisukari, na mara moja moja sukari hushuka nikatetemeka. Ninaogopa siku nitakapoanguka naye yupo. Ni haki kumpa mtoto wa umri huo mzigo wa namna hiyo?
*Bibi mlezi*

JIBU: Shikamoo Bibi. Mzigo asipewe, apewe kazi ndogo anayoiweza, na aambiwe wazi inapoishia. Mwambie hivi: ukiniita nisiitike, nitikise bega mara moja, kisha piga simu, halafu kazi yako imekwisha, wakubwa watafanya iliyobaki. Sentensi hiyo ya mwisho usiiache, kwa kuwa mtoto anayeamini kwamba uhai wa bibi yake uko mikononi mwake atabeba hofu hiyo hata siku ambazo u mzima.

Simu za sasa nyingi huruhusu kupiga namba ya dharura hata kioo kikiwa kimefungwa kwa neno la siri. Hakikisha yako inaruhusu, kisha mwonyeshe sehemu ya kubonyeza bila kupiga kweli, na mrudie mpaka vidole vyake vizoee. Simu ikae mahali pamoja, pale mkono wake unapofika, ikiwa na chaji. Afundishwe kutaja jina lako halisi, maana wajukuu wengi wanakujua kwa jina la Bibi tu, na aweze kueleza mnapokaa. Chagua na jirani mmoja au wawili wanaojua hali yako, wamfungulie mtoto mlango saa yoyote, na umpeleke kwao kwa mguu mara kadhaa ili njia isiwe ngeni kwake.

Ukiwa una fahamu na unaanza kutetemeka au kutoka jasho, anaweza kukuletea juisi au maji ya sukari ukimwomba, kwa hiyo viweke chini. Lakini aelewe kwamba mtu asiyeitika hatiwi kitu mdomoni, si juisi, si sukari, si maji, kwa sababu vinaweza kuingia mapafuni. Na wewe, Bibi, mweleze daktari wako kwamba sukari hushuka. Huenda kiasi cha dawa au saa za kula zinahitaji kurekebishwa, na hilo litamsaidia mjukuu kuliko mafunzo yangu yote.

SWALI: Mwanangu wa miaka 6 hutokwa damu puani mara kwa mara. Mjomba wake humlaza chali na kumwinua kidevu, lakini shuleni wamemwambia ainame. Nani yuko sahihi?
*Mama wa darasa la kwanza*

JIBU: Shule iko sahihi. Akae wima, ainamishe kichwa mbele, abane sehemu laini ya pua iliyo chini ya mfupa, na ahemee mdomoni kwa dakika 10 bila kuachia ili kuchungulia. Akilazwa chali, damu hushuka kooni, na akiimeza hutapika. Isipokoma kwa nusu saa, au ikianza baada ya kugongwa kichwani, nendeni hospitali. Kwa kuwa inajirudia, muone daktari hata siku ambayo haitoki.

SWALI: Wanangu wa miaka 9 na 11 ni waogeleaji wazuri. Nataka wajue kumwokoa mwenzao anayezama. Waanze vipi?
*Mzazi wa waogeleaji*

JIBU: Ndugu mzazi, waanze kwa kujua kutoingia majini. Mtu anayezama hushika chochote kilicho karibu na kukikandamiza ili apate kupumua, na mtoto wa miaka 11, hata awe mwogeleaji hodari, hataweza kujinasua kutoka mikononi mwa mwenziwe aliyeshikwa na hofu. Wafundishe kuita, kisha kulala kifudifudi ukingoni na kunyoosha fimbo, nguo au taulo, au kumtupia kitu kinachoelea: mpira, dumu tupu lililofungwa, boya. Kulala kifudifudi ni muhimu kwa sababu anayevuta akiwa amesimama huvutwa yeye.

Waambie pia kwamba kuzama mara nyingi hakuna kelele. Anayezama hana pumzi ya kupigia mayowe. Kichwa huwa nyuma, mdomo usawa wa maji, na mikono hupiga maji pembeni bila kumpeleka popote. Wajizoeze, wao wenyewe, kuelea chali kwa utulivu wanapochoka. Na kwa umri wao, uhodari wa kuogelea hauondoi haja ya mtu mzima kukaa akiwatazama, simu ikiwa mfukoni.

SWALI: Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwekwe mahali mtoto anapofika au asipofika?
*Msomaji wa kila toleo*

JIBU: Viwe viwili. Kilicho chini kiwe na plasta, shashi safi iliyofungwa, bendeji, glavu na karatasi yenye namba za simu kwa maandishi makubwa, na mtoto ajue kukifungua. Mkasi, dawa za maumivu, viuavijidudu na kila kinachomezwa vikae katika cha pili, juu, kwa kufuli. Usitegemee vifuniko vinavyoitwa salama kwa watoto. Hivyo huwachelewesha tu, na wengine huvifungua ukiwa bado unatafuta miwani. Kagua vyote viwili kila baada ya miezi 6, uondoe vilivyopitwa na tarehe, na mruhusu mtoto ahesabu plasta zilizobaki katika kile cha chini.